Jinsi Virusi vya Kupumua Vinavyoenea na Namna ya Kuilinda Nyumba ya Mombasa: Mwongozo Kamili

Mwaka 2020, wiki chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi, nyumba yetu ilinuka klorini kuanzia barazani hadi uani. Tulisugua vitasa vya milango, tukapangusa pakiti za unga na chupa za mafuta, tukaacha viatu nje, tukanawa mikono hadi ngozi ikachubuka. Wakati huohuo dirisha la chumba cha shangazi yangu lilikuwa limefungwa kutwa kwa ajili ya kiyoyozi, na kila jioni jamaa watano au sita waliketi humo, mlango umerudishwa, wakimsimulia habari za mji ili asione upweke. Shangazi aliugua, na baada yake wakaugua wanne kati ya wale waliokuwa wakimliwaza. Hakuna aliyezembea. Tulishika kazi ndogo kwa bidii kubwa na tukaiacha kazi kubwa bila kuigusa, kwa sababu hatukuwa tumeelewa virusi hivi husafiri vipi.

Mwongozo huu unaeleza safari hiyo na hatua za kuikatiza, hasa ndani ya nyumba za kwetu. Unahusu korona, mafua makali ya influenza, na virusi vya RSV ambavyo huwasumbua zaidi watoto wachanga. Surua nayo hupita njia hiyohiyo ya hewa, tena kwa nguvu zaidi kuliko yote. Mombasa haijaanza leo kukutana na magonjwa haya. Influenza ya mwaka 1918, iliyozunguka dunia nzima, iliingia nchini kupitia bandari yetu kabla ya kufuata reli kuelekea bara.

Hatua ya kwanza: elewa kinachotoka kinywani

Swali linaloulizwa kuliko yote ni kama ugonjwa hupitia mate, mikono au hewa. Hupitia zote tatu, lakini si kwa uzito mmoja. Mtu aliyeambukizwa anapopumua, anapozungumza, anapocheka, anapokohoa au kupiga chafya, hutoa vijitone vya ukubwa mbalimbali vyenye virusi kutoka kooni na mapafuni. Kirusi cha korona kina upana wa takribani sehemu moja ya kumi ya maikroni (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa binadamu una maikroni 70 hivi. Lakini kirusi hakitoki peke yake, bali husafiri ndani ya kijitone cha maji, chumvi na ute, na ukubwa wa kijitone hicho ndio unaoamua kitafika wapi.

Vijitone vikubwa, vya maikroni 100 na zaidi, huanguka katika sekunde chache. Hivyo ndivyo vinavyompata mtu aliye uso kwa uso na mgonjwa, na ndivyo vilivyoleta ile kanuni ya kukaa mbali kwa mita moja au mbili. Vijitone vidogo havifuati kanuni hiyo. Kile cha maikroni 5, kikitoka usawa wa kinywa cha mtu aliyesimama katika hewa iliyotulia, huchukua nusu saa au zaidi kufika sakafuni, na kile cha maikroni 1 kinaweza kuelea kwa saa nyingi. Na hewa ya chumba chenye watu haitulii: joto la miili huipandisha, pangaboi huizungusha, mtu anayepita huikoroga, na vijitone huinuliwa tena kabla havijatua.

Mtu wa Pwani ana mfano wa jambo hili nyumbani kwake. Chetezo kikiwekwa ukumbini, aliye karibu nacho hupata moshi mzito na aliye chumba cha nyuma hupata mwepesi. Lakini milango na madirisha yakiwa yamefungwa, baada ya saa moja wote wawili watakuwa wamevuta udi. Pumzi ya mgonjwa huenea vivyo hivyo, isipokuwa haina harufu ya kumjulisha mtu kwamba imemfikia.

Matukio mawili ya mwaka 2020 yaliwafundisha wataalamu wengi. Tarehe 10 Machi, kwaya moja katika kaunti ya Skagit, jimbo la Washington nchini Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ndani ya ukumbi. Waliohudhuria walikuwa 61, mmoja wao tayari akiwa na dalili. Jumla ya walioumwa, pamoja naye, ilifika 53, na wawili walifariki. Mgonjwa mmoja hawezi kuwakoholea watu 52 usoni kwa jioni moja. Hewa ya pamoja, ikichanganyika na kuimba kwa sauti kubwa, ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Tukio la pili ni la Januari 24 katika mkahawa wa Guangzhou, China, ambako watu 10 wa familia tatu, akiwemo aliyeleta virusi, waliugua baada ya kula kwenye meza jirani katika sehemu isiyo na dirisha lililo wazi, huku kiyoyozi kikizungusha hewa ileile juu ya meza zile tatu. Kila nisomapo habari za mkahawa ule, nakumbuka chumba cha shangazi.

Basi hatari ya mahali popote hutegemea mambo yanayoonekana kwa macho: watu wangapi wamo, watakaa kwa muda gani, wanazungumza au kuimba kwa sauti kiasi gani, na hewa inatoka au inazunguka palepale. Mwenye kuuliza hayo kabla ya kuingia mahali atakuwa ameshafanya zaidi ya nusu ya kazi.

Jambo moja zaidi ndilo linalowapotosha watu. Mgonjwa huanza kuambukiza kabla hajajua kwamba ni mgonjwa. Mwenye korona anaweza kuambukiza tangu siku mbili kabla ya dalili, na mwenye influenza tangu siku moja kabla. Wengine wenye korona hawaoni dalili yoyote na bado huambukiza. Kwa hiyo kusubiri kikohozi ndipo ufungue dirisha ni kuchelewa.

Hatua ya pili: ipime hewa ya nyumba yako kwa moshi

Hatua hii haigharimu chochote zaidi ya kijiti kimoja cha udi, na nathubutu kusema kuwa ndiyo yenye manufaa kuliko zote. Mtu mwenye pumu asiwemo nyumbani wakati wa kuifanya, wala isifanywe katika chumba alimo mgonjwa.

Ngoja hadi usiku, chumba kikiwa katika hali yake ya kila siku, na kama dirisha hufungwa siku zote lifunge. Washa kijiti kwa dakika tatu au nne katikati ya chumba, kisha kitoe nje na uzime taa. Washa tochi ya simu na utazame moshi ndani ya mwanga wake. Usitegemee pua, kwa kuwa udi hushika mapazia na nguo kwa siku nzima hata kama hewa imebadilika. Tazama ukungu wenyewe. Hesabu dakika hadi utakapotoweka. Kisha fungua dirisha na mlango, urudie jaribio, ulinganishe.

Tofauti utakayoiona ina hesabu yake. Hewa ya chumba ikibadilika mara moja tu kwa saa, huchukua takribani saa tatu kuondoa asilimia 95 ya chembe zinazoelea. Ikibadilika mara 5 kwa saa, muda huo hushuka hadi dakika 36. Ikibadilika mara 10, ni dakika 18. Chumba chenye dirisha moja lililofungwa hukaribia ile saa tatu au kuizidi, na chumba chenye matundu mawili yanayotazamana, upepo wa bahari ukivuma, kinaweza kushuka chini ya dakika 18.

Baada ya hapo shika kijiti karibu na kila dirisha na kila mlango, uone moshi unaelekea wapi. Andika mahali unapoingilia upepo na mahali unapotokea, kwa maana utahitaji kujua hilo siku mtu atakapougua. Kumbuka kwamba jibu hubadilika kwa majira: kusi huvuma kutoka kusini-mashariki tangu Aprili hadi Septemba hivi, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki tangu Desemba hadi Machi, hivyo dirisha linaloingiza hewa mwezi wa Julai linaweza kuwa la kuitoa mwezi wa Januari. Miezi ya mpito kati ya kusi na kaskazi upepo hulegea, na hapo ndipo pangaboi linapohitajika zaidi.

Hatua ya tatu: ipe hewa njia ya kuingia na njia ya kutoka

Dirisha moja peke yake halitoshi. Hewa huhitaji mahali pa kuingilia na mahali pengine pa kutokea, na ikiwezekana matundu hayo yatazamane.

Katika nyumba ya Kiswahili ya Majengo au Kisauni, yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba kila upande, na ua na choo nyuma, njia hiyo ipo tayari. Mlango wa mbele na mlango wa uani vikiwa wazi, ukumbi wote hugeuka mkondo wa upepo. Tatizo liko vyumbani, hasa vile vilivyopangishwa, ambapo familia nzima hulala nyuma ya dirisha dogo lililozibwa kwa pazia zito. Pazia hilo libadilishwe kwa jepesi, au linyanyuliwe usiku. Wanaofunga madirisha jioni kwa sababu ya mbu wana haki ya kuogopa, kwa kuwa malaria na dengue ni magonjwa ya kweli hapa kwetu. Suluhisho ni wavu wa dirishani na chandarua kitandani, si kuzuia hewa.

Kiyoyozi kinahitaji maelezo ya pekee, kwa sababu wengi huamini kwamba kinaleta hewa kutoka nje. Kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani na ofisini, chenye kisanduku kimoja ukutani na kingine nje, hakiingizi hewa mpya hata kidogo. Mabomba yanayopita ukutani hubeba gesi ya kupoozea na kutoa maji, si hewa. Hewa ya chumbani huvutwa, hupozwa na kurudishwa humohumo. Mahali ambapo lazima kitumike, acha dirisha wazi kwa upana wa kiganja, na kila baada ya saa moja fungua madirisha na mlango kikamilifu kwa dakika kumi. Bili ya umeme itapanda kidogo, na huo ndio ukweli.

Pangaboi la darini nalo huzungusha tu, isipokuwa dirisha liko wazi. Feni ya kusimama ina manufaa zaidi ikiwekwa karibu na dirisha huku uso wake ukielekea nje, kwa kuwa huisukuma hewa ya chumba iondoke na kulazimisha nyingine iingie kupitia mlangoni.

Hatua ya nne: mtu akianza kuumwa nyumbani

Saa ya kwanza ndiyo muhimu. Mara mtu anaposema koo linamkwaruza, mwili unamuuma au ameanza homa, usingoje kipimo. Mpe barakoa, fungua nyumba, na umchagulie chumba.

Hapa ndipo yale maandishi yako ya moshi yanapofaa. Chumba cha mgonjwa kiwe upande ambao upepo unatokea, si upande unaoingilia. Akilazwa upande unaoingilia upepo, hewa yake itapita ukumbini na vyumba vyote kabla ya kufika uani. Mweke upande wa pili, fungua dirisha lake linalotazama nje, na ufunge mlango wake wa ukumbini. Kabla hajaingia humo, shika kijiti cha udi chini ya mlango huo, wewe ukiwa ukumbini: moshi ukivutwa kuingia chumbani mwake, mpango ni mzuri, ukirudishwa usoni kwako, weka feni dirishani mwake ikisukuma nje, na uzibe nafasi ya chini ya mlango kwa leso iliyokunjwa.

Nyumba nyingi hazina chumba cha ziada, na mwongozo unaosema tu kwamba mgonjwa apewe chumba chake na choo chake haujawasaidia wengi wetu. Familia ya chumba kimoja ina mambo matatu ya kufanya. La kwanza ni kulala kichwa cha mmoja kikielekea miguu ya mwingine, mgonjwa akiwa karibu na dirisha. La pili ni kuutumia mchana wote nje, barazani au uani, ambako pumzi hupotea mara moja. Mgonjwa asiye mahututi anaweza kukaa kivulini nje kwa saa nyingi, na hupumua vizuri zaidi huko. La tatu ni kumhamisha kwa muda aliye hatarini, yaani bibi, mjamzito au mtoto mchanga, kabla hajaanza kukaa karibu na mgonjwa. Kumhamisha mtu ambaye tayari amekwisha kulala na mgonjwa siku mbili kunaweza kuupeleka ugonjwa kwenye nyumba ya pili.

Mhudumu awe mmoja, mwenye afya, na ikiwezekana aliyekwisha chanjwa. Aingie kwa shughuli, amalize, atoke, na yeye na mgonjwa wavae barakoa muda wote wawapo pamoja. Choo cha pamoja kiachwe wazi kwa dakika chache baada ya mgonjwa kutoka kabla ya mwingine kuingia. Vyombo vyake vioshwe kwa sabuni ya kawaida, na nguo zake zifuliwe na kuanikwa juani bila haja ya kutengwa na za wengine.

Kumtenga mgonjwa si kumtupa. Mpigie simu, zungumza naye ukiwa nje ya dirisha, mpelekee uji kwa wakati. Shangazi yangu aliniambia baadaye kwamba jambo lililomuumiza kuliko kikohozi ni kuona watu waliomzoea wakiacha sahani mlangoni na kuondoka bila kusema neno.

Kuhusu siku za kutengwa, mwenye korona aliye na dalili akae peke yake kwa siku 10 tangu dalili zilipoanza, au hadi kipimo cha haraka kionyeshe hana tena virusi. Mwenye influenza asubiri angalau saa 24 kamili bila homa na bila dawa ya kuishusha, akijua kwamba wengi huendelea kuambukiza kwa siku 5 hadi 7. Mtoto wa surua huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele hadi siku nne baada yake, na virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani.

Hatua ya tano: wapokee wageni bila kuwavunjia heshima

Kuzuru mgonjwa ni wajibu kwetu, na mwongozo wowote unaowataka watu waache kabisa hautafuatwa. Kinachowezekana ni kubadilisha mahali. Mzee akibisha hodi, kijana wa nyumba atoke nje, ampe shikamoo yake bila kumshika mkono wala kuubusu, na amwambie waziwazi: “Karibu sana, ami. Bibi ana homa na chumba chake hakina hewa, kwa hiyo nakuomba tukae hapa barazani, nami nitamfungulia dirisha azungumze nawe.” Sijawahi kumwona mzee aliyechukizwa na maneno kama hayo. Wanaochukizwa ni wale wanaofichwa, wakaingia, kisha wakasikia baada ya wiki kwamba mgonjwa alikuwa na korona.

Kahawa ikiletwa, kila mtu apewe kikombe chake. Vile vikombe vya barazani vinavyosuuzwa katika maji yaleyale ya ndoo vioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, si kwa sababu ya virusi vya kupumua peke yake, bali hata kwa kipindupindu.

Hatua ya sita: vaa barakoa ipasavyo

Neno barakoa lilikuwepo Pwani zamani kabla ya korona, likimaanisha kifuniko cha uso walichovaa baadhi ya wanawake, na pengine ndiyo maana lilikubalika upesi. Barakoa ya kitambaa huzuia vijitone vikubwa na baadhi ya vidogo. Ya hospitali huzuia zaidi, mradi imekaza pembeni. Ile ya aina ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, lakini kiwango hicho ni cha kitambaa chake. Hewa ikipita kando ya pua au kidevuni, uchujaji huo haupo. Jaribu kwa kupuliza kwa nguvu: ukihisi upepo machoni, ibane upya kwenye pua. Ndevu nyingi huizuia isikae vizuri, na mwenye ndevu akiwa mhudumu wa mgonjwa ajue kwamba dirisha lililo wazi ndilo kinga yake kubwa. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asivalishwe barakoa.

Hatua ya saba: safarini na mikusanyikoni

Tuktuk ndiyo salama kuliko matatu, kwa sababu hewa hupita pande zote mbili, ilimradi turubai za pembeni zimekunjwa. Katika matatu ya watu 14, omba madirisha mawili yafunguliwe, moja mbele na moja nyuma, hata kwa upana wa vidole vinne. Abiria wengi hufungua moja tu na hewa haipati pa kutokea. Feri ya Likoni ina upepo wa bahari, na hatari yake iko zaidi katika msukumano wa kungoja na kushuka kuliko katika kuvuka kwenyewe. Basi la usiku la kwenda Nairobi na behewa la treni kutoka Miritini ni vyombo vya kufungwa kwa saa nyingi, na humo barakoa nzuri ina thamani yake.

Mahali panaponitia wasiwasi zaidi ni vyuo vya Kurani na madarasa ya watoto. Watoto 40 wanaosoma kwa sauti kwa pamoja katika chumba kidogo wako katika hali ileile ya kwaya ya Skagit. Utafiti uliofanywa katika familia za Kilifi na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kuhusu virusi vya RSV ulionyesha kwamba wachanga wengi waliambukizwa ndani ya nyumba zao wenyewe, na mara nyingi walioingiza virusi ni ndugu zao wakubwa wanaokwenda shule. Mtoto wa miaka saba hupata mafua mepesi ya siku tatu. Mdogo wake wa miezi miwili hulazwa kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo mwalimu anayehamishia somo chini ya mwarobaini, au anayefungua madirisha yote na kupunguza sauti za watoto, anawalinda watoto wachanga ambao hajawahi kuwaona. Mzazi naye amzuie mwenye mafua asimbebe wala kumbusu mchanga hadi apone.

Harusi na matanga huhitaji busara ileile: shughuli ya uani chini ya turubai lisilo na kuta ni bora kuliko ukumbi wenye viyoyozi, na mwenye homa atume salamu. Kula sinia moja hakuna hatari kubwa kwa upande wa chakula chenyewe. Hatari iko katika nyuso tano zinazoinamiana kwa nusu saa zikizungumza.

Maswali mengine yanayoulizwa mara kwa mara

Je, joto la Mombasa haliui virusi? Mwanga mkali wa jua huviharibu upesi vikiwa nje, lakini joto la chumbani haliwezi, kwani virusi hivi hustawi ndani ya mwili wenye nyuzi 37, ambazo zinazidi joto la kawaida la mji wetu hata mwezi wa Machi. Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopata korona mapema, na Mei 2020 serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa sababu ya maambukizi.

Je, noti, mizigo na vitasa vya milango? Majaribio ya maabara yalionyesha kwamba virusi vya korona vinaweza kugundulika kwenye plastiki hadi saa 72 na kwenye karatasi ngumu ya maboksi hadi saa 24, lakini idadi yake hupungua haraka, na njia hii imeonekana kuchangia sehemu ndogo tu ya maambukizi. Nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kula na baada ya kupenga kamasi; sabuni huuyeyusha utando wa mafuta unaokizunguka kirusi, na kitakasa mikono kiwe na alkoholi ya asilimia 60 au zaidi. Inatosha. Mafua na RSV huhama kwa mikono ya watoto zaidi kuliko korona, kwa hiyo sabuni isiachwe.

Mbu hawaambukizi virusi hivi. Mama mwenye mafua au korona aendelee kunyonyesha, akiwa amevaa barakoa na kunawa mikono, kwa kuwa maziwa yake humpa mtoto kinga.

Kujifukiza chini ya blanketi kwa mvuke wa majani humpa mtu nafuu ya pua iliyoziba, lakini hakuui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka imewaunguza watoto wengi. Mtoto asifukizwe kamwe. Antibiotiki nazo haziui virusi. Hutumika pale tu daktari anapoona kuna bakteria, na kuzinunua dukani kwa kila kikohozi kunazifanya zishindwe siku zitakapohitajika.

Chanjo je? Chanjo za korona na influenza hupunguza sana uwezekano wa kulazwa na kufa, ingawa hazizuii kila ambukizo, na wanaokwenda Hijja hushauriwa kuchanjwa influenza kabla ya kusafiri. Mtoto apate chanjo ya surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na ya nimonia katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Hatua ya nane: tambua wakati wa kwenda hospitali

Wengi hupona nyumbani kwa kupumzika, kunywa maji na kumeza paracetamol. Watoto wasipewe aspirini. Lakini mgonjwa apelekwe bila kungoja asubuhi iwapo anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, kifua kinambana, midomo inageuka rangi, amechanganyikiwa au haamki vizuri. Kama nyumba ina kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kipimo kilicho chini ya 94 kinahitaji daktari, na kilicho chini ya 90 ni dharura. Rangi ya kucha na ubaridi wa vidole vinaweza kukidanganya kifaa, hivyo pasha mkono joto na upime tena, ila usirudie mara tano ukitafuta namba ya kukuliwaza.

Kwa mtoto, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya hatari. Kifua kinachobonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, kukataa kunyonya, au degedege, ni sababu ya kuondoka mara hiyo hiyo kwenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali Kuu ya Pwani.

Safari hiyo iwe katika gari lenye madirisha wazi au tuktuk iliyokunjwa turubai, mgonjwa mkubwa akivaa barakoa kama pumzi yake inaruhusu, na msindikizaji awe yule yule mhudumu, si ndugu wapya wanne. Mfikapo, mwambieni muuguzi wa kwanza mlangoni kwamba mgonjwa anakohoa na ana homa, kabla hajaketishwa kwenye benchi pamoja na wajawazito na watoto. Muwe na karatasi iliyoandikwa tarehe dalili zilipoanza, dawa alizopewa na saa alizozimeza, magonjwa yake ya zamani kama kisukari au presha, na kipimo cha mwisho cha oksijeni. Iandikwe leo, wakati akili imetulia, na iwekwe pamoja na kitambulisho chake karibu na mlango.